Sema ni Papa

Papeete, bwenini
9 Februari 1986

Kaka Maono,

Nimefika salama, ila tumbo langu limebaki baharini. Karatasi ya bluu iliyomo humu ni ya Mama kuisoma mkekani baada ya chakula kama kawaida, nyumba nzima isikie, Bibi afute machozi, mbwa afukuzwe. Hii nyeupe ni yako peke yako. Nimeikunja ndani ya soksi nilizokununulia ili Mama asiione. Ukishaisoma, itie motoni.

Kuna jambo mdomo wangu ulishindwa kulisema nilipokuwa nyumbani likizo. Ile siku ya mwisho tulipokwenda mlangoni, pale bahari inapoingilia kisiwani, ulikaa chini mno. Mimi nilikuwa nimeshikilia ukingo wa mashua nikitazama maji. Papa wa kijivu walikuwa wanapita chini yangu kama watu wanaotoka kanisani, bila haraka, na wewe sikuoni. Ulipotokeza ulinirushia chewa mapajani ukacheka, na midomo yako ilikuwa ya zambarau kama ya mtoto aliyekunywa wino. Nami nikacheka. Mimi hucheka ninapoogopa, ndiyo maana hakuna anayejua kwamba naogopa.

Sasa nawaota. Naota wanakuzunguka, nami nimekaa darasani nimeinua mkono, mwalimu haniiti.

Niambie nani anakaa kwenye mashua siku hizi. Nani anamtoa samaki kwenye mshale? Usinijibu "yupo mtu". Nataka jina.

Kwenye simu ya redio ya posta siwezi kukuuliza. Kisiwa kizima kinasikiliza, na mimi hata jina langu nikilisema mbele ya watu linanikwama.

Mdogo wako,
Moerani


Takarea
1 Machi 1986

Pweza wangu,

Naona umeingia tena kwenye tundu lako, umetoa mkono mmoja tu wenye kalamu. Karatasi nyeupe nimeitia motoni kama ulivyoagiza. Soksi nimezivaa kanisani, mvuvi mwenzangu Tihoni akaniuliza kama nimeokoka au nimekufa.

Jina unalolitaka ni Teuru, wifi yako. Tumbo limeanza kumtangulia, lakini mikono yake ni miepesi kuliko yako, na hashikilii ukingo wa mashua kama mtu anayeshikilia mlango wa mbinguni. Anaimba. Samaki wanakuja kumsikiliza, mimi nawachoma.

Habari ya papa, nikucheke au nikulilie? Umezaliwa juu yao. Sheria unaijua tangu hujaota meno: samaki aliyechomwa haogelei na wewe. Ukimpata, unamnyanyua nje ya maji hapo hapo, mkono juu, moja kwa moja hadi mashuani. Papa anamtaka samaki. Wewe hakutaki, una ladha ya sabuni ya masista.

Halafu kuna kichekesho kipya. Mzungu mmoja, Gérard, kafungua duka la mitungi ya hewa pale gatini. Maji yakianza kuingia, anawatosa wageni wake mlangoni, kila mmoja amebeba hewa mgongoni kama mama aliyebeba mtoto. Wanapita katikati ya papa wote wale, wanapiga picha, wakitoka wanakumbatiana na kulia kama waliorudi vitani. Hakuna aliyepata hata mkwaruzo. Nikamwuliza, "Bosi, hawa wanakulipa ili waogope?" Akasema, "Hapana. Wanalipa ili waache kuogopa." Nikamwambia basi nina mdogo wangu shuleni Papeete, ampe nafasi.

Kaniomba niwe kiongozi wa wageni. Nimekataa. Mtoto wa Kipaumotu, wa visiwa hivi vyetu, apumue hewa ya kopo, kama maziwa?

Soma vitabu. Mlango niachie mimi.

Kaka yako,
Maono


Papeete
12 Machi 1986

Kaka Maono,

Hii nayo ni yako peke yako. Nimeishonea ndani ya kola ya shati la Mama mkubwa, nawe ufanye uungwana umpelekee shati ukishaitoa.

Mwalimu Bresson alifundisha habari za papa. Aliuliza nani amewahi kumwona papa mzima. Mikono ya watoto wa mjini ikapanda, hata ya yule binti wa mwenye duka la vitambaa aliyemwona kwenye kalenda. Wangu ulibaki chini ya paja. Mimi ambaye nimeoga nao tangu sijui kutembea. Nilitaka kusema, lakini sentensi nilikuwa ninayo kwa lugha ya nyumbani tu, na nilipomaliza kuivisha Kifaransa, somo lilikuwa limeshafika kwenye mkia.

Alisema mambo yale yale uliyoyasema wewe, kwa maneno marefu. Kwamba wazamiaji wa mitungi papa huwapita tu, wakiwaacha na mapovu yao. Kwamba wavuvi wa mkuki wako hatarini zaidi kuliko hao, kwa sababu ya samaki anayepapatika na damu yake, na kwa sababu mvuvi hapendi kuachia alichokipata. Nikatulia. Nikasema moyoni, kaka anayajua haya.

Halafu akafunga kitabu akasema jambo lisilokuwemo kitabuni. Alikuwa na mdogo wake wa kiume, huko kwao, mvuvi wa mkuki pia. Akasema wavuvi wengi wanaofia majini hakuna papa aliyewagusa. Wanazimika. Mtu anapumua haraka haraka kabla ya kuzama, mwili unadanganyika hauombi hewa, anakaa chini akijiona shujaa, anaanza kupanda, na karibu kabisa na juu, karibu na jua, taa inazimika. Hasikii maumivu. Anarudi chini taratibu, na aliye mashuani anadhani bado anawinda.

Kaka, wewe hupumua haraka haraka kabla ya kuzama. Nimekuona. Kama mbwa aliyetoka kukimbiza ndege.

Nakuuliza moja tu. Je, imewahi kukutokea? Najua hilo neno halitajwi nyumbani. Najua baba mdogo Rua alianza na kizunguzungu, enzi za kuzamia chaza, kabla ulimi haujawa mzito na kabla watoto hawajaanza kumwimbia "taravana, taravana", kichaa wa kuzama, kila akipita. Lakini mimi si watoto wa gatini. Niambie.

Moerani


Takarea
30 Machi 1986

Pweza,

Mwandiko huu ni wa wifi yako, maneno ni yangu. Mkono wangu wa kulia umefungwa bandeji, muuguzi kaushona kama wavu. Usipige yowe hapo bwenini. Ni papa.

Nilikuwa nimemchoma pono mkubwa, wa buluu, wa kumfanya Mama aimbe. Napanda naye. Papa akatokea chini yangu, si wale wa kila siku, huyu alikuwa mpana kama mlango wa kanisa. Akamrukia pono, akakutana na mkono wangu. Nikampiga ngumi ya pua. Akazunguka, akarudi, nikampiga tena. [Nilipozinduka, limekatwa kwa mstari] Nilipotoka, mashua ilikuwa nyekundu.

Sasa mimi ni mfalme. Kila nyumba wananiletea shelisheli ya kuchoma. Tihoni anausimulia mkasa wangu vizuri kuliko mimi, jana nilimpiga papa ngumi mbili, leo nasikia nilimpanda mgongoni. Vijana wametega ndoana za minyororo mlangoni kulipa kisasi. Papa wamelazwa gatini kama magogo, watoto wanapima meno kwa vidole. Yule Gérard anakimbia huku na huku akishika kichwa, anasema tunamwua duka lake. Tihoni kamwambia, "Na wao walitaka kutuulia mfalme."

Mama analia, lakini ni machozi ya heshima. Mkono ukipona nitarudi mlangoni kumaliza hesabu.

Yale mengine ya mwalimu wako, mwambie aje ashike pono kwanza.

Kaka yako,
Maono


Papeete
8 Aprili 1986

Wifi Teuru,

Hatujawahi kuandikiana, mimi na wewe. Hata kuzungumza hatujazungumza sana, maana tukikaa pamoja mimi naona haya, nawe unaimba. Nisamehe kwa kukurukia hivi.

Nimeisoma ile barua mpaka imechanika kwenye mkunjo. Nilimwuliza kaka jambo moja, naye kanijibu yote isipokuwa hilo. Halafu kuna neno ulilolikata. Ulilikata kwa mstari mmoja mwembamba, wifi. Mtu anayetaka neno lisisomeke hulikwangua mpaka karatasi itoboke.

Mtu anayepigana na papa hazinduki. Anakuwa macho.

Wewe ndiwe uliyekuwa kwenye mashua. Mimi hapa wali wa masista namwachia jirani wa meza. Wenzangu wananiuliza kwa nini nimekonda, nasema ni mtihani. Bwenini nimekuwa kama mtu aliyefiwa na asiyejua amefiwa na nani.

Nakuomba. Ilikuwaje?

Wako,
Moerani


Takarea
20 Aprili 1986

Moerani,

Mimi si mtu wa kalamu. Niliacha shule nikiwa darasa ambalo wewe ulikuwa unaniazima rangi. Nitasema tu kama ilivyokuwa.

Alizama mara nyingi siku ile, bila kupumzika vizuri, maana Tihoni alikuwa kapata samaki wakubwa jana yake na kumtambia. Mara ya mwisho nilimwona akipanda, pono yuko kwenye mshale. Nikageuka kuweka sawa beseni. Nilipotazama tena sikumwona mtu, nikajua kaona samaki mwingine karudi chini. Nikaanza wimbo.

Ndipo chelezo kikaruka. Kile chelezo chekundu kilichofungwa kwenye kamba ya bunduki ya mishale. Kikaruka, kikazama, kikaruka. Nikatazama chini na miwani, nikaona papa watatu wadogo wanamrarua yule pono kwenye mshale, na kaka yako yuko kando yao, mikono imelegea, uso juu, macho wazi, hamtazami mtu. Alikuwa karibu sana na juu, ningeweza kumfikia na kasia. Kamba imezunguka kifundo cha mkono wake, papa wanavuta samaki, yeye anavutwa nao kama nguo.

Nilijitupa na tumbo langu hili. Nilipomvuta, mkono wake ulipita katikati yao, mmoja akaukwaruza kwa meno. Alikuwa anamtaka pono. Wala hakurudi. Nilimpandisha sijui kwa nguvu za nani. Hakuwa anapumua. Nilimpiga mgongoni, nilimpiga usoni, nilimwita majina yake yote mpaka lile la utotoni. Akatapika maji. Akalala anatazama mbingu.

Neno lake la kwanza, Moerani, halikuwa jina langu. Alitazama damu mkononi, akaniambia, "Sema ni papa."

Nikasema. Gatini walipouliza nikasema ni papa. Aliniapisha kwa mtoto aliye tumboni. Anasema mtu aliyeng'atwa na papa anapewa kiti, lakini mtu aliyezimika anapewa jina, na jina hilo baba yako mdogo analo hadi leo. Hakuna atakayekwenda naye baharini. Watoto watamwimbia. Mtoto wetu atazaliwa mtoto wa taravana.

Lakini bila wale papa nisingetazama chini. Nilikuwa naimba. Kila nikikaa gatini nikiwaona wamelazwa, nimeshika tumbo, siwezi kuwatazama macho yao.

Mkono unapona. Jana ameusugua mshale wake kwa mchanga. Mimi nimeapa, siwezi. Wewe hukuapa.

Teuru


Papeete
27 Aprili 1986

Kwa nyumba yote, isomwe na Mama mkekani kwa sauti, mpaka mwisho, wala isirukwe mahali,

Mama, Bibi, baba mdogo Rua, kaka Maono, wifi Teuru, na Tihoni kama yupo, maana najua hukosi wakati wa chakula.

Hii ni karatasi ya bluu, lakini haina habari za mitihani. Mnajua mimi si msemaji. Kwenye Jumapili ya watoto nilipewa mstari mmoja wa Zaburi, nikaukimbia mpaka nyuma ya tangi la maji. Leo nimekimbia nimefika mahali ambapo hakuna tangi.

Kaka Maono hakushambuliwa na papa. Alizimika majini. Alizimika akiwa anapanda, karibu na juu, kwa sababu anakaa chini kupita kiasi na hapumziki. Papa walikuja kwa ajili ya samaki, na katika kumgombania samaki wakatikisa chelezo, na chelezo ndicho kilichomwita aliyekuwa mashuani. Ule mkwaruzo aliupata wakati anaokolewa. Nimeyajua mwenyewe kwa kuyaunganisha, wala msimwulize mtu mwingine. Muulizeni yeye, yuko hapo mkekani.

Kaka, najua sasa hivi unamtazama Mama umwambie aache kusoma. Mama, usiache.

Sisemi haya kukuvua nguo. Nayasema kwa sababu wote hapo mnaogopa kitu kisicho chenyewe. Mnatega ndoana, mnalaza papa gatini, halafu mnalala usingizi mkijua hatari imekwisha. Haijakwisha. Hata mkimmaliza papa wa mwisho mlangoni, kaka atashuka vile vile, atakaa vile vile, na taa itazimika vile vile, na safari hiyo hakutakuwa na papa wa kutikisa chelezo.

Tihoni, acha kumtambia kaka kwa samaki wako. Najua unadhani ni mchezo.

Baba mdogo Rua, nisamehe kwa kulitaja lile neno mbele yako. Taravana. Nimelitaja. Sijui kama ulichougua wewe na hiki cha kaka ni kitu kimoja, Mwalimu anasema ni ndugu tu. Lakini najua ulikwenda baharini peke yako na kizunguzungu chako kwa sababu uliona haya kukisema. Sitaki kuwa na watu wawili ninaowapenda ambao haya iliwameza kabla ya maji.

Naomba jambo moja tu. Asizame bila mtu anayemtazama majini, si kutoka mashuani. Mtu mwenye pumzi, aliyekaa juu uso ndani ya maji, ambaye hana kazi nyingine.

Nimemaliza.

Mtoto wenu,
Moerani


Takarea
9 Mei 1986

Moerani,

Mwandiko huu ni wa mkono wa kushoto, usihangaike kuusifia.

Tulikupeleka shule ili urudi utuue kwa kalamu? Mama aliisoma yote. Alipofika kwenye jina langu alisita, nikasema, "Inatosha, Mama, huyo ni mtoto anaota." Akasema, "Kasema nisiache." Akaendelea. Hakuna aliyemfukuza mbwa. Alipomaliza aliniuliza, "Ni kweli?" Nikanyanyuka nikatoka, na kutoka kwangu ndiko kukawa jibu.

Unajua kilichoniuma zaidi? Si Mama. Kabla sijanyanyuka, baba mdogo Rua alisogea mkekani, akanipisha nafasi kando yake, akaipapasa kwa kiganja kama anayemkaribisha mwenzake.

Kesho yake watoto wa gatini wameanza. Wimbo ni ule ule, jina ndilo limebadilika. Shelisheli hazikuja tena. Gérard kaniona akavua kofia, kwa huruma. Huruma ya mtu wa hewa ya kopo!

Mama kaificha bunduki chini ya kitanda cha Bibi. Anadhani sijui. Nitaichukua, nitakwenda mlangoni peke yangu, mchana kweupe, kila mtu akiona, nitarudi na samaki. Halafu nitaona nani ataimba.

Usiniandikie.

Maono


Papeete
18 Mei 1986

Kaka,

Nakuandikia.

Tangu barua yako ifike kuna meli moja imekuja na haikuwa na kitu. Nilikwenda gatini nikawauliza mabaharia kama kuna msiba Takarea. Mmoja akasema kuna kitu alikisikia, hakumbuki kisiwa gani. Hakumbuki! Nilitaka kumshika shingo.

Nikaenda posta, kwenye simu ya redio. Unanijua. Foleni ilikuwa mpaka nje, na kibanda chao hakina mlango. Nilipoitwa nikashika chombo, nikasikia makelele kama mvua juu ya bati, na kwa mbali sauti ya kike ikisema "Takarea, Takarea". Nikapiga kelele, "Maono yuko wapi?" Kwa lugha ya nyumbani, kaka, kwa sauti yangu yote. Watu wote wakageuka. Nikapiga tena, "Maono yuko wapi?" Ile sauti ikasema kitu. Sikukisikia. Redio ikafa.

Nilisimama pale nimeshika chombo mpaka mzee mmoja akanitoa vidole kimoja kimoja.

Kama unanichukia, nichukie. Niandikie tu kwamba unanichukia. Nipe mwandiko, hata wa kushoto.

Nimejiuliza kama ningenyamaza ingekuwaje. Ungebaki mfalme, ungerudi mlangoni na Teuru akiimba mashuani. Sasa umekwenda bila hata Teuru. Labda nimekusukuma mimi mwenyewe. Hilo ndilo linaloninyima pumzi. Mwalimu Bresson alinikuta nyuma ya maabara, nikamweleza, kwa Kifaransa, sentensi nzima nzima, bila kukwama. Hakuniambia nilifanya vizuri. Aliniambia yeye hakupata nafasi ya kuandika barua kama ile. Halafu akakaa chini na mimi kwenye majani na gauni lake la kazi.

Meli inakuja wiki ijayo.

Moerani


Takarea
1 Juni 1986

Moerani,

Sijakusamehe. Naanza na hilo usije ukasoma mengine ukajidanganya.

Bunduki niliichukua. Nilipofika kwenye mashua nilimkuta Tihoni amekaa ndani, miwani ya kuzamia kichwani, anatafuna mkate wa nazi. Nikamwambia, "Shuka." Akasema, "Siwezi, nimetumwa na mama yako."

"Tangu lini unamwogopa mama yangu?"

"Tangu jana. Alikuja na kisu cha kuparia magamba."

Nikamwita majina ambayo Mama hawezi kuyasoma mkekani. Akamaliza mkate, akalamba vidole, akanipa kasia.

Kumbe Mama alikwenda hadi dukani kwa Gérard, yeye na kanga ya kanisani, akamwuliza watu wa mkuki huko kwao wanafanyaje ili warudi. Tihoni akanisomea kanuni hizo kama katekisimu. Mmoja chini, mmoja juu. Wa juu hawindi, uso majini, kazi yake ni kumtazama wa chini, hata akishatokeza, mpaka apumue vizuri na kusema neno. Nikamwambia hiyo ni kazi ya yaya. Akasema, "Sawa, nyonya."

Tulipofika mlangoni, papa walikuwepo. Wamepungua tangu zile ndoana. Walikaa mbali, wakinitazama kwa ubavu, wakaendelea na safari zao. Sikuwa na samaki, sikuwa na kitu cha kuwavutia. Nilimwona puju mkubwa pale penye ukingo, nikampiga, nikamkosa. Mara ya pili nikamkosa tena. Mkono haujarudi sawa. Nikakasirika. Nikashuka mara ya tatu, nikakaa. Nilikuwa nakuonyesha wewe, uliye mbali kilomita zote hizo.

Nakumbuka nikianza kupanda. Nakumbuka maji yamekuwa meupe juu yangu, na nikajisikia vizuri, Moerani, vizuri kuliko nilivyowahi, nikasema moyoni hakuna haraka. Pameishia hapo.

Kilichofuata ni matusi. Tihoni kanishika kidevu juu ya maji, ananichapa mashavu, anamtukana mama yangu, yule yule aliyemtuma. "Pumua, mwana wa fulani! Sema neno! Sema neno!" Nikasema, "Neno." Akaanza kulia. Mtu mzima, mdomo wote ule, kamasi zinamtoka, ameng'ang'ania shingo yangu kama mimi ndiye niliyemwokoa. Nikatazama chini. Papa walikuwa wanapita. Hakuna hata mmoja aliyepanda kuja kuona kuna nini.

Hapakuwa na damu, hapakuwa na meno. Sikuwa na wa kumsingizia.

Tihoni alipiga kasia njia nzima. Gatini watu walipouliza mbona nimepauka, alinitazama, akafunga mdomo, akaniachia mimi. Wale watoto walikuwepo. Nikasema, "Nimezimika. Ni mara ya tatu." Teuru alikuwa amesimama penye mizigo. Hakujua kwamba kabla ya ile ya pono kulikuwa na nyingine. Alinitazama kwa macho ambayo sijui nitayalipa lini.

Hakuna aliyeimba. Labda wataimba kesho.

Bunduki anayo Tihoni mpaka mtoto azaliwe. Baadaye sijui, usinibane. Jana vijana walitaka kutega minyororo tena, nikawaambia wamsake mwingine wa kulipizia kisasi, mimi papa hawana deni langu. Walinuna, lakini wakaizungusha minyororo wakairudisha bandani.

Yule dada wa posta anasema kuna kichaa mmoja alipiga kelele kwenye redio akitaka kujua niko wapi, akamjibu niko hai, lakini redio ikakatika.

Basi nakujibu mimi. Niko nyumbani. Nimekaa kizingitini, Teuru anachambua samaki wa Tihoni, na napumua.

Maono